Nyembe Hazikufunguka

Binti yangu Signe ndiye fundi bora wa pinde katika mabonde haya yote, kutoka mto mkubwa hadi barabara ya La Crosse, na sisemi hivyo kwa sababu nilimzaa. Nina watoto wengine wawili na sijawahi kuwasifu kwa lolote. Nasema kwa sababu nimeshinda naye katika duka lake tangu alifungue, nikichemsha kahawa na kusikiliza. Nimeona wanaume wakiingia na upinde unaorusha mishale ovyo, wakitoka na upinde uleule umetulia, halafu wanaenda baa kujisifu kwamba wamejirekebishia wenyewe.

Duka lenyewe ni kile chumba tulimokuwa tunaweka tangi la maziwa enzi za ng'ombe. Tulipouza ng'ombe, mimi nilikaa jikoni nikalia kwa muda mrefu kuliko nilivyomlilia baba mkwe wangu. Signe alichukua brashi akapaka chokaa, akaingiza meza ya kazi, akatundika pinde ukutani. Miaka ya kwanza wateja walikuwa wa kuhesabu. Huku Wisconsin mwanamke kuwinda si ajabu. Mimi mwenyewe nimeangusha kulungu nikiwa na mimba ya huyo Signe. Lakini mwanamke kumwambia mwanamume mzima kwamba mshale wake umekatwa vibaya, hilo lilichukua muda kuzoeleka.

Na juu ya hayo yote, akawa anauza vigumba vya kukunjuka.

Hapa inabidi nieleze, maana kwetu jambo hili limevunja urafiki wa watu. Kigumba ni kile kichwa cha chuma chenye makali kinachokaa mbele ya mshale wa kuwindia. Cha zamani nyembe zake ziko wazi muda wote. Ni imara, hakina cha kuharibika, ila nyembe zile hukamata upepo, na upinde ukiwa na kasoro hata kidogo, mshale unaenda unakotaka wenyewe. Cha kukunjuka, nyembe zake zimelala ubavuni kama kisu cha mfukoni. Mshale unaruka umenyooka, na ukimgusa mnyama nyembe zinafunguka na kukata tundu pana. Watu wa zamani wanasema chuma kinachosogea kitakuangusha siku unayokihitaji. Watu wa kukunjuka wanasema mshale usiofika unapotakiwa hauna faida hata ukiwa na makali ya namna gani. Nawajua ndugu wawili walioacha kukaa benchi moja kanisani kwa ajili ya ubishi huo.

Mkuu wa watu wa zamani alikuwa kaka yangu, Verlyn. Alikuwa akisema bawaba ni kitu kizuri sana, mahali pake ni kwenye mlango wa kabati. Maneno hayo yalizunguka bonde zima, na kila mtu aliyekuja dukani kwa Signe alijifanya ameyatunga yeye.

Lakini Verlyn ana miaka sabini na kitu sasa, na bega lake la kulia limepasuliwa hospitali. Ilibidi apunguze nguvu za upinde wake. Msimu uliopita alirusha mara mbili, akakosa mara mbili, na sisi tunaomjua tulijua kwamba mwenzetu hapati usingizi. Basi Jumamosi moja ya mwezi wa tisa, mchana kweupe, duka limejaa watu, Verlyn akaingia. Akaweka upinde wake mezani, akasema, "Signe, huu upinde unaumwa."

Signe hakucheka, wala hakumkumbusha habari za kabati. Alimpeleka nyuma ya banda kwenye marobota ya nyasi, akamrushisha mishale yenye vigumba vyake vya zamani, halafu yenye vya kukunjuka. Vya zamani vilitawanyika robota zima. Vya kukunjuka vilikaa mahali pamoja, vimebanana. Alikuwa amemchagulia aina isiyotanuka sana, kwa sababu upinde wa mzee haukuwa tena na nguvu za kufungua vile vipana, na kama angempa ile inayouzika zaidi angekuwa amemdanganya. Verlyn aliangalia robota kwa muda, akasema, "Nipe pakiti," akalipa akaondoka bila kuaga.

Kuanzia siku hiyo duka likawa duka. Watu walisema kama Verlyn Haugen mwenyewe amenunua, basi vina maana. Wakaja na watoto wao, wakaja na shemeji zao. Jina la Signe lilisimama juu ya bega bovu la mjomba wake, na mimi na Signe tulilijua hilo.

Sasa twende kwenye asubuhi yenyewe. Ilikuwa mwisho wa Oktoba, umande umeganda kwenye mashina ya mahindi yaliyovunwa, na mimi nakaanga mayai. Simu ya Signe ikalia. Sauti ya Verlyn niliisikia kutoka upande wa pili wa jiko, na hakuwa anaomba msaada, alikuwa anagomba. Alikuwa amempiga dume mkubwa, yule wa pembe pana ambaye tumemwona shambani misimu mitatu. Dume amekimbia, mshale hauonekani, damu hakuna, hata tone. Vile vidude vyako, alisema, vimefanya nilichosema vitafanya. Signe alizima jiko, akaniambia tunaenda.

Tulimkuta juu ya kilima, chini ya mwaloni uliobeba dungu lake la kuvizia, yeye na mwanawe Royce. Royce anauza matrekta, na mdomo wake hauna breki. Alitusubiri tufike karibu ndipo akaanza.

"Binamu, nimepata kazi ya vigumba vyako. Tutachokolea meno."

"Asubuhi njema na wewe, Royce," Signe akasema, akampita akaenda kwa mzee. "Mjomba, ulimpiga wapi?"

"Nyuma ya bega."

"Una uhakika?"

"Nimekuwa nikipiga nyuma ya bega tangu kabla mama yako hajaota meno. Nimesikia mshale ulivyogonga. Umegonga ukadunda, basi. Nyembe zimekataa, na kulungu yule sasa hivi yuko kaunti nyingine anatucheka."

Signe hakubishana. Alimwuliza dume alikuwa amesimama wapi na ameelekea upande gani, halafu akaniita tukatafute mshale. Verlyn na Royce walikuwa wamepekua pale pale alipokuwa amesimama mnyama. Signe alipita mbali zaidi, mahali kilima kinapoanza kuteremka, kwa sababu mshale unaotoka juu mtini ukishapita mwilini hauanguki jirani. Alitembea ameinama, polepole, na kabla jua halijafika kwenye matawi ya chini akauona mkia wa mshale umechomoza kwenye majani makavu. Uliobaki ulikuwa umezama udongoni.

Aliuvuta. Ulikuwa na damu mwili mzima, damu nyepesi ya waridi, yenye vipovu vidogo. Mtu yeyote wa huku anaijua damu hiyo. Hutoka mapafuni, na mnyama aliyepigwa hapo haendi kaunti nyingine. Halafu nikaangalia kigumba na kweli nyembe zilikuwa zimelala ubavuni, hazikufunguka. Nilidhani basi, Verlyn amepata ushahidi wake.

Signe alikigeuza kigumba kwenye mwanga, akanionyesha kwa ncha ya kucha. Ubavuni mwake kulikuwa na kiskrubu kidogo.

Kila pakiti ya vigumba hivi ina vitatu vya kuwindia na kimoja cha mazoezi. Cha mazoezi kina uzito uleule na umbo lilelile, ili mshale uruke vilevile, ila nyembe zake ni butu na zimefungwa kwa skrubu zisifunguke kamwe, usije ukachana shabaha yako vipande. Signe anajua wanaume wa huku. Kila pakiti anayouza, anafunga kile cha mazoezi kwenye mshale wa mteja yeye mwenyewe, na mshale huo anauzungushia utepe wa rangi ya machungwa, asiwepo wa kuchanganya gizani. Kwenye mshale huu utepe haukuwepo. Kilichobaki ni gundi, ukipitisha kidole inanata.

Nilielewa palepale, kwa sababu nimekua na mtu huyu nyumba moja. Verlyn anaamini kulungu anaona rangi ya machungwa. Msimu wa bunduki jimbo zima huvaa rangi ya machungwa kichwani na kifuani, kulungu wanakuja kusimama mbele yetu, na yeye bado anaamini. Aliubandua utepe, akafanya mazoezi jioni, akaurudisha mshale kwenye podo pamoja na ile mitatu, na asubuhi gizani akachomoa ulioguswa kwanza na mkono wake.

Nilivuta pumzi ya kumwita jina lake lote, pamoja na lile la katikati asilolipenda. Signe akanishika mkono wa koti.

"Mama. Bado."

Nimezaa mtoto mwenye mkono wa chuma. Nilifunga mdomo.

Verlyn alipiga kelele kutoka juu, anauliza kama tumeupata. Signe alijibu kwamba tumeupata na umepita. Verlyn akauliza, na nyembe je? Nilimtazama binti yangu. Alikuwa ameshautia mshale kwenye mfuko wake wa mgongoni.

"Hazikufunguka, mjomba," akasema.

Ikawa mvua ya maneno. Nilijua, nilijua, nilisema, sikusema? Royce alikuwa ameshatoa simu, dole gumba linakimbia. Kuna kundi lao la wawindaji humo simuni, karibu kila mwenye upinde katika mabonde haya yumo, na habari ya kwamba vigumba vya Signe vimemwangusha Verlyn Haugen ilifika kabla hatujapanda tena kilimani. Simu ya Signe ikaanza kutetemeka mfukoni. Aliitazama mara moja. Alikuwa Duane Zitzner, ambaye alikuwa ameagiza mishale ya familia nzima, anaomba isubiri kwanza. Akaja mwingine, akaja na mwingine. Signe aliizima simu akairudisha mfukoni.

"Hazikufunguka," akarudia, sasa tukiwa tumesimama pamoja, "na nitalibeba hilo. Lakini ulipiga vizuri. Damu iliyo kwenye mshale ni ya mapafu. Tundu ni dogo, ngozi imeteleza ikaliziba, damu yote imebaki ndani. Kwa hiyo tuache kutafuta damu. Tumtafute mwenyewe."

Verlyn alikuwa ameshafunga zipu ya koti kama mtu anayeondoka. Akasema anawajua kulungu waliojeruhiwa begani, hawapatikani, na jua linapanda. Royce akasema kahawa iko nyumbani.

"Mjomba," Signe akasema, "kama wewe ndiye dume huyo, kifua kimetobolewa, pumzi inakuishia, ungeenda wapi?"

Hilo ni swali ambalo kaka yangu hawezi kulipita, kama vile mlevi hawezi kuipita baa. Alisimama. Akaangalia mteremko, akaangalia miti, midomo yake ikawa inasogea.

"Asingepanda," akasema mwishowe. "Angefuata waya wa uzio hadi mwisho wa shamba la soya. Pale angeamua."

"Basi tuonyeshe."

Tukashuka kwa mstari, Verlyn mbele. Mimi nilijibanza kwa Signe, na nilipoona wenzetu wako mbali kidogo nikamwambia kwamba akiendelea kunyamaza nitasema mimi, na sitasema kwa upole. Ni duka lako, nikamwambia. Ni jina lako. Wanaume wale wamesubiri miaka yote hii upate kosa moja.

"Nikimwambia sasa hivi mbele ya Royce, ataenda nyumbani," akasema. "Unamjua. Atafunga mlango na hatatoka mpaka Krismasi. Na mimi namhitaji hapa. Hakuna anayeujua mteremko huu kama yeye. Kulungu kwanza, Mama."

"Na baada ya kulungu?"

"Alikuja dukani kwangu mchana, watu wakimwona. Unajua ilimgharimu nini?"

Nilikuwa najua ilimgharimu nini, na nilikuwa nimekasirika kwamba yeye ndiye aliyelikumbuka na si mimi.

Mwisho wa shamba la soya Verlyn alipiga magoti. Mtu wa miaka sabini na kitu, goti moja la chuma, akawa anatambaa kando ya waya akisoma majani. Alipata jani limegeuzwa, upande wake wenye unyevu uko juu. Akapata jiwe limetoka mahali pake. Damu hakuna, lakini hakuwa akiihitaji tena, alikuwa amesahau kabisa kama ana hasira. Akatuvusha waya, akatushusha kwenye korongo ambalo mimi nilidhani halipitiki, na chini, penye mti mkubwa ulioanguka zamani, akasimama akavua kofia.

Dume alikuwa amelala nyuma ya gogo, pembe zake zimenaswa kwenye matawi, kana kwamba ameketi kupumzika. Alikuwa mkubwa kuliko tulivyofikiri. Mbweha hawakuwa wamemfikia, nyama haikuwa imeharibika. Verlyn alimwekea mkono shingoni, akauacha pale.

Halafu akatoa kisu akaanza kumpasua, na hapo ndipo yalipotokea.

Mkono wake ulikuwa ndani ya kifua mpaka kiwikoni. Ukasimama. Akatoa mapafu, akayaweka juu ya majani, akapitisha kidole kwenye tundu. Mtu aliyepasua kulungu wengi kama Verlyn anasoma tundu kwa kidole tu. Kigumba chenye nyembe, hata kisipofunguka vizuri, huacha mkato. Hili lilikuwa duara dogo, safi, kama lililotobolewa na msumari. Akafuta mikono kwenye suruali, akaenda pale upinde wake ulipoegemea, akaangalia podo lililofungwa ubavuni mwake. Mishale mitatu ilikuwamo, na kwenye kila mmoja nyembe zinang'aa, hazijaguswa. Alizigusa moja moja.

"Lete mshale, Signe."

"Tumtoe kwanza huyu bwana korongoni, mjomba."

"Nimesema lete."

Alimpa. Verlyn alikileta kigumba karibu na macho, halafu akakipeleka mbali, kama wanavyofanya wanaokataa kununua miwani. Alikiona kiskrubu. Akapitisha dole gumba palipokuwa na utepe, gundi ikamnata.

"Baba, si nilikwambia," Royce akaanza, "tungerudi kwenye vile vya..."

"Nyamaza, Royce."

Verlyn akamtazama mpwa wake.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu juu pale."

"Ukaniacha nikufokee."

"Nilikuwa nakuhitaji. Ningekwambia pale, ungeenda nyumbani."

Alifikiri. "Ningeenda," akasema.

Na hayo ndiyo yalikuwa maneno yake yote. Tulimburuta dume, sote wanne, kilima chote, tunapumua kama ng'ombe. Tukampakia kwenye gari lake. Verlyn akaingia akawasha akaondoka, na Royce kando yake anatazama mbele, simu iko mfukoni kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Hakuandika kitu cha kufuta alichoandika. Royce ni mtoto wa baba yake. Baba hajasema, yeye hasemi.

Nilirudi nyumbani nikaosha sufuria ambazo hazikuwa chafu. Nilimwambia Signe naenda kwa Verlyn, na kama mlango umefungwa naingilia dirishani. Akasema hapana. Jambo lile ni la mjomba, akasema, si letu kumsemea. Nikamwuliza, na duka?

"Duka ni langu. Nitalibeba."

Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, nikaishia kumpa chakula.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Ni wakati ambao madume wanaanza kukimbiza majike, wakati ambao kila mwaka watu wanapanga foleni mlangoni mwa chumba cha maziwa, na tulikaa peke yetu, yeye anasuka kamba za upinde ambazo hakuna aliyeziagiza. Ijumaa nilienda baa kula samaki kama kila Ijumaa. Meza zote zilikuwa zinaongea habari moja. Mmoja aliyenipa mgongo, hajui niko pale, alisema hayo ndiyo yanayotokea ukimwachia mwanamke fundi. Niliacha sahani yangu, na mimi siachi samaki. Kiti cha Verlyn kilikuwa kitupu. Tangu tumzike mkewe hajawahi kukosa Ijumaa.

Jumamosi asubuhi wakaja, lakini walikuja kurudisha. Duane Zitzner na wengine watano sita, kila mmoja na pakiti yake mkononi, wana adabu kama watu walio msibani. Signe alipokea kila pakiti, akashukuru, akarudisha hela. Uso wake ulikuwa umetulia. Shingo yake ilikuwa nyekundu, na mimi tu ndiye ninayejua maana yake. Nilisimama kwenye birika la kahawa nikaapa kimoyomoyo kwamba wa mwisho akitoka tu, ninasema, Signe apende asipende.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Verlyn, na Royce nyuma yake.

Alikuwa amevaa shati lake la kanisani, lile la bluu lenye vifungo vya pembe alivyoshona marehemu mkewe. Limepigwa pasi. Watu walimpisha mpaka kwenye meza ya kazi. Alichomoa mshale kutoka ndani ya koti akauweka mezani, kigumba kikiwaelekea wao.

"Duane," akasema, "wewe una macho. Hiki ni nini?"

Duane aliinama. Ilimchukua muda mfupi. "Cha mazoezi," akasema.

"Ndicho nilichompigia yule dume. Utepe Signe aliuweka. Niliubandua mimi, kwa ubishi wangu. Nyembe hazikufunguka kwa sababu zimefungwa, na aliyezipeleka msituni zimefungwa ni mimi. Huyu aliliona hilo kabla yangu. Akalibeba mbele ya mwanangu, akanifanya nitafute, tukampata. Nimekaa ndani siku zote hizi nikijifanya naumwa bega." Akageuka. "Royce."

Royce, sikio jekundu, akasema ameshaandika kwenye kundi, sasa hivi garini, yote, na kwamba anamwomba binamu yake radhi. Signe akasema haya, imepita.

Verlyn hakuwa amemaliza. Alichomoa shati kutoka kwenye suruali, likaning'inia nyuma.

"Ardis," akaniambia. "Mkasi."

Kwetu, mtu akimkosa kulungu aliyekuwa mbele yake, wenzake wanamkamata na kumkata pindo la shati, na pindo linatundikwa ukutani watu walione msimu mzima. Hukatwa kwa kicheko na kwa nguvu, na kila mtu huenda kambini kuwinda na shati kuukuu akijua yanayoweza kumkuta. Nimeona watu wakikimbia kuzunguka nyumba ili wasikatwe. Sijawahi kuona mtu amekuja mwenyewe.

"Lakini hukumkosa, Verlyn," Duane akasema. "Mlimpata."

"Nilimkosea yeye," Verlyn akasema, akamwonyesha Signe kwa kidevu. "Na litatundikwa humu, si kambini. Juu ya vile vigumba, mtu anayenunua alione kwanza."

"Mjomba, si hilo," Signe akasema, akiweka mkono juu ya pindo. "Hilo ni la kanisani. Vifungo alikushonea mkeo."

"Angekuwepo angelikata yeye, na asingengoja nimwombe."

Nilichukua mkasi kwenye meza ya kazi. Nilikuwa nimembebea kaka yangu hasira tangu kule korongoni, na iliniishia nikiwa nimeshika mkasi, ikabaki fahari tupu, kwa binti yangu aliyenyamaza na kwa huyu mzee aliyesema. Nyuma yangu nilimsikia Duane akimwuliza Signe, taratibu, kama ile pakiti yake bado ipo. Nikashika kitambaa nikakata pana, kutoka mshono hadi mshono. Verlyn alijipinda kuangalia, akasema ningeweza kumwachia walau cha kuchomekea, nikamwambia asimame wima, sijamaliza.